Fundi Aliyechonga Chozi

Kaeni. Na wewe uliyesimama mlangoni sogea ndani, hapo unawazibia watu upepo. Leo nina mfano, na mfano wenyewe sikuutoa kwenye kitabu. Mimi na vitabu tuliachana darasa la sita, tena tuliachana kwa amani, kila mmoja akashika njia yake. Nimeutunga kwa kichwa hiki mnachokiona, na nawaambia mapema kwamba ni mzuri. Kuna watu wanakaa chuoni miaka mitatu wakiutafuta mfano kama huu na wanarudi na joho tu. Mzee Mihayo, usisinzie bado, baba. Hata sijaanza.

Naanza na msitu, maana bila msitu fundi wangu hana kazi.

Mnaujua msitu wetu ukifika mwezi wa kumi. Kiangazi kimekula kila kitu. Moto umepita, chini ni jivu, ukikanyaga jani linapasuka kama ganda la karanga. Mvua haijatuma hata salamu. Halafu miti inaanza yenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mtundu unatoa majani mapya, tena mekundu, utafikiri umekosea rangi. Na mninga, ambao hauna hata jani, unavaa maua ya njano kuanzia kichwani mpaka mabegani. Nani ameunywesha? Hakuna. Unachanua kwa akiba ya tumboni mwake. Ukishachanua, nyuki wanakuja, na ndege wanakuja, msitu uliokuwa kimya kama ofisi ya kijiji siku ya malalamiko unageuka kuwa soko.

Na katika ndege hao yumo chozi. Mnamjua chozi? Nyinyi vijana wa simu hamumjui, basi niwafundishe, mimi wa darasa la sita. Chozi ni yule ndege asiyezidi kidole gumba, mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Akiwa kivulini ni mweusi, akigusa jua anang'aa kijani, akigeuka anang'aa zambarau. Anaingiza mdomo ndani ya ua, ananyonya utamu wake, na kabla hujamwita mwenzako aje aone, hayupo.

Basi, alikuwepo fundi mmoja wa kuchonga mbao ambaye alimpenda ndege huyo kuliko mke wake. Mke hakuwa naye, lakini mmenielewa.

Kila mwaka maua yakianza, fundi alifunga banda lake akaingia porini na penseli na karatasi za mifuko ya saruji. Anakaa chini ya mninga tangu umande mpaka jua la utosi, anachora. Anachora bawa, anafuta, anachora tena. Mtu akimpita njiani akimuuliza, "Fundi, unafanya nini hapo siku nzima?" anajibu, "Ndege ukimchora ametulia umechora mzoga. Nangoja anapotaka kuondoka." Na kweli alikuwa anampata. Akirudi bandani anashika patasi, anakihamishia kile alichokiona kwenye milango, kwenye viti, kwenye vitanda vya maharusi. Watu walikuwa wakisema ukinunua kitanda kwa yule fundi ufunge dirisha, la sivyo asubuhi utakuta mbao tupu, ndege wamekwenda zao.

Na yeye alijua! Alikuwa na maringo, huyo. Ananikumbusha mtu fulani aliyesimama mbele yenu, lakini tusimtaje.

Msidhani namsema vibaya. Macho yale alipewa na Mungu, na mikono ile alipewa na Mungu. Mimi sihubiri kwamba maua ni dhambi. Ngojeni.

Sasa, mwaka mmoja, fundi akiwa porini na karatasi zake, kijijini alizikwa kijana. Kijana huyo alikuwa mwizi wa mizinga. Kwa watu wa huku sina haja ya kueleza sana. Mtu akikuibia kuku mnapelekana kwa mwenyekiti mnasuluhishwa. Lakini mzinga unauacha juu ya mti, peke yake, katikati ya msitu, hauna kufuli wala mlinzi, unalindwa na kuaminiana tu. Anayeuvunja amevunja zaidi ya mzinga. Wakamkamata na ndoo ya asali mkononi. Wakampiga. Walipochoka kumpiga wakakuta wamempiga mno.

Wakubwa wa kijiji wakakaa, wakatoa neno: azikwe leo leo, asikaliwe matanga, na mtu asimlilie. Mwizi wa mizinga haliliwi.

Watu wanne wakamfukia. Mama yake alisimama pembeni ya shimo. Alipofungua mdomo, mwanamume mmoja mwenye koleo akamgeukia akamwambia, "Mama, usituanzishie." Mama akaufunga. Nawauliza, kilio kikirudishwa ndani kinakwenda wapi? Nyinyi mliosoma niambieni. Kinatoka na jasho? Kinayeyuka? Mimi nilichoona ni kwamba mtu wa namna hiyo anaendelea kuchota maji, anaendelea kupepeta, anakusalimia vizuri kabisa, na huwezi kumwangalia machoni.

Zikapita wiki kadhaa. Siku moja mama yule akashika nyundo, akakibomoa kitanda cha mwanawe. Akatoa ubao mrefu wa ubavuni, ubao wa mninga, akaubeba kichwani mpaka kwa fundi.

Fundi ndiyo kwanza ametoka msituni. Kichwa kimejaa maua, ukuta wa banda umejaa karatasi za chozi: chozi anaruka, chozi anatua, chozi ananing'inia kichwa chini.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama. Tua mzigo." Akaupokea ubao, akaugonga kwa kidole, akaunusa. "Aa! Huu ndio mninga. Mkavu, haukuguswa na mdudu. Umeutoa wapi?"

"Nyumbani."

Hakuuliza nyumbani sehemu gani. Akauliza, "Haya, nikufanyie nini?"

"Msalaba. Wa mwanangu."

"Oo. Pole sana, mama." Akaisema ile pole tunayoisema huku tunaendelea kutembea. "Niandike jina gani?"

"Jina usiandike. Watalikwangua." Mama akatazama vumbi la mbao pale chini. "Niwekee chozi. Chozi moja. Dogo tu. Liwe linashuka."

Mnacheka. Nimewaona. Wewe wa benchi la katikati umeziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo, lakini mabega yanatingishika.

Fundi naye alicheka. "Mama yangu, mama yangu! Chozi mmoja! Siyo moja. Mdogo, siyo dogo. Awe anashuka. Kiumbe chenye uhai hakisemwi hivyo, utadhani umekuja kuagiza jembe! Haya sema: chozi mmoja."

Mama akasema polepole, "Chozi mmoja."

"Enhee! Sasa tumeelewana."

Mama yule Kiswahili alijifunzia ukubwani, sokoni, kwenye kupimiana mchele. Alikwisha zoea kusahihishwa na kila mtu, mpaka watoto. Akisahihishwa anashukuru. "Wewe ndiye unayejua, fundi," akamwambia, akaenda zake.

Fundi akaingia kazini kwa moyo wake wote, nami siwezi kumnyima sifa hiyo. Alikuwa ametafuta ubao kama ule maisha yake yote. Akamchonga chozi anashuka juu ya shada la mninga, bawa moja limefunguka, jingine linajifunga, kucha zimetangulizwa mbele. Ungemwona ungenyoosha mkono umsaidie kutua. Alipomaliza, akaona ubao bado una nafasi, akasema, kwa nini nimbanie mama wa watu? Akaongeza maua mkono wa kushoto. Akaongeza maua mkono wa kulia. Akaweka vitumba ambavyo havijafunguka, akaweka nyuki wawili wanagombania ua moja. Akageuza nyuma, akapamba na nyuma. Akapiga msasa, akapaka mafuta, mti ukawaka kama kaa la moto.

Habari zikaenea. Na siku ya kusimika msalaba, sikilizeni hapa, wale ambao hawakuja kuzika walikuja kuangalia ndege. Mazishini walikuwa watu wanne. Siku ya ndege nyasi za makaburini zililala kwa kukanyagwa. Hata yule bwana wa koleo, aliyesema usituanzishie, alikuja, tena mbele kabisa, simu mkononi.

"Angalia hizo kucha!"

"Huyu fundi si mtu."

"Sogea kidogo, shemeji, unaziba picha."

Mama akafika. Wakampisha. Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akasimama kando ya kazi yake kama bwana harusi.

Mama akautazama msalaba. Akauzunguka. Akarudi mbele. Akauliza, "Fundi, chozi langu liko wapi?"

Fundi akacheka, akawaangalia watu kama anayesema, mnamsikia? "Huyu hapa, mama! Mmoja, kama tulivyosema. Na maua nimekuongezea kwa moyo wangu tu."

"Huyu ni ndege."

"Ndiyo. Chozi."

"Mimi nilisema chozi moja." Mama akaweka kidole chini ya jicho lake. Palikuwa pakavu. Akakishusha taratibu, juu ya shavu, mpaka kidevuni. "Moja. Mwanangu hakuliliwa na mtu, fundi. Na mimi nilikatazwa. Nikasema, basi hata kitanda chake kimlilie."

Simu zikashuka.

"Uliponisahihisha," mama akasema, "nilidhani ninyi mnaojua maneno, kwenu chozi nalo lina uhai. Nikasema vizuri. Litakuwa hai."

Ndipo fundi akaelewa. Rangi ikamtoka. Akaukimbilia mfuko wake wa patasi, akapiga magoti pale kaburini. "Nipe muda kidogo tu, mama. Nakuwekea sasa hivi. Tone moja ni kazi ndogo." Akatafuta pa kuliweka. Juu, maua. Chini, maua. Kushoto nyuki, kulia vitumba. Akazunguka nyuma, akakumbuka kwamba na nyuma alipamba. Akapapasa ubao mzima kwa vidole vyake vile vya sifa. Hapakuwa na nafasi ya tone.

Mama alimtazama fundi usoni. Kisha akawatazama wale watu, mmoja baada ya mwingine, shavu kwa shavu, kama mtu anayetafuta kitu chake alichokiangusha. Hapakuwa na shavu lililolowa. Akajitanda kanga yake, akarudi nyumbani kwenye kile chumba ambacho sasa hakina hata kitanda.

Alipokwisha kwenda, mtu mmoja akamsogelea fundi, akamnong'oneza, "Unaweza kunichongea mlango wa namna hii?"

Najua mnangoja nini. Mnangoja niseme mvua ikashuka, ya kwanza ya mwaka, ikauteremkia ule msalaba matone kwa matone, na mama akafarijika. Haikunyesha. Huu siyo mchezo wa redio. Jua liliwaka kama jana yake, watu wakaenda kula.

Sasa tuje kwetu sisi.

Mlicheka, ndugu zangu. Sikuwatega, na hata kama niliwatega, kicheko kilikuwa chenu. Mama aliposema "chozi moja" mlisikia kosa, hamkumsikia mama. Mlikwisha jua kwamba ana msiba, niliwaambia. Mlikwisha jua kwamba alikatazwa kulia, niliwaambia hilo pia, na sauti niliipunguza. Mlikuwa mnajua kuliko fundi, maana fundi siku ile alikuwa porini. Na bado ikapita tofauti ya "moja" na "mmoja", mkaiona hiyo tu. Herufi ngapi hizo? Mtu na uchungu wake wote alikuwa amesimama ndani ya herufi moja, tukampita.

Sisi tuna ufundi, kanisa hili. Hatuwezi kudharauliwa. Tuna kwaya yenye sare tatu. Akifa mtu tunajua kupamba: turubai liko wapi, maua ya plastiki yako wapi, nani anasoma wasifu, nani anapiga picha jeneza likishuka. Tunajua maneno. "Bwana alitoa." "Jikaze." "Usilie, mtoto wa Mungu halii hivyo." Tunampelekea aliyefiwa shada upande huu, shada upande huu, pambio mbele, pambio nyuma, mpaka inakuwa kama ule ubao. Akitafuta mahali pa kuweka tone lake moja, hapaoni.

Na si kwamba hatuna nia njema. Hilo ndilo linalonitisha. Fundi alikuwa na nia njema! Angekuwa mbaya ningelala usingizi. Alitoa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akampa mtu ambaye hakukiomba, na kile alichoombwa alikuwa nacho bure, machoni mwake mwenyewe, hakikuhitaji hata patasi.

Mnasema, huyu kijana anatupiga sisi, yeye je? Haya. Kwa kuwa mnapenda kunisikia nikijisifu, leo nisikieni hili pia.

Wiki mbili zilizopita tulimzika kijana wa upande ule wa mashine ya kusaga. Pombe ilimmaliza. Sote tulisema alijitakia, na wengine mlisema mkiwa bado mmeshika udongo. Mama yake ni Mama Kalunde. Jumapili iliyopita alinishika mkono pale nje, mbele ya watu, akaniambia, "Mwinjilisti, nyumbani kumekuwa kimya mno." Na mimi, mwenye majibu, nikamwambia, "Kimya ni kizuri, Mama Kalunde! Sasa utasali bila kelele za mlevi." Watu wakacheka. Nami nikajiona bingwa, nikatembea mpaka nyumbani nikiirudia kichwani ile sentensi, jinsi ilivyokaa vizuri.

Na yeye alicheka. Ndiyo. Alicheka ili asituharibie furaha.

Leo hayupo. Geukeni mtazame, benchi la nne kutoka nyuma, kando ya dirisha. Wiki nzima nimesema nitapita, sikupita, nilikuwa natengeneza mfano huu uwe mzuri.

Kwa hiyo wimbo wa mwisho hatuimbi. Mwalimu Kasanda, funga kinanda. Matangazo yatasubiri, hakuna atakayekufa kwa kukosa matangazo. Tunatoka kwa mlango huu, tunapita mashine ya kusaga, tunaingia uani kwa Mama Kalunde na tunakaa chini. Asibebe mtu kitu. Asianzishe mtu pambio. Asimwambie mtu ajikaze. Akitaka kumtaja mwanawe kwa jina, tumwache amtaje mpaka amalize, na ulevi wake, na utoto wake, na yote. Akilia, tulie naye. Asipolia, tukae papo hapo kwenye vumbi mpaka aweze.

Mzee Mihayo, nipe mkono nikuinue, tunakwenda wote. Amina tutaisema huko, kama tutakuwa na sauti.